Kilo nane mgongoni: kufunga begi la safari kutoka Lupembe hadi Zambia

Gharama ya safari ya bei nafuu kwenda nje ya nchi huamuliwa kwa sehemu kubwa na uzito wa begi. Msafiri mwenye begi moja la mgongoni hushuka kwenye basi na kutembea kwa miguu hadi gesti. Mwenye mabegi matatu hulipia mzigo kwenye buti la basi, hulipia bajaji, humlipa mchukuzi wa kumvusha mpakani, na akifika mjini huchukua chumba cha kwanza anachokiona kwa sababu hana nguvu ya kuzunguka akiulizia bei. Shilingi hizo ndogondogo haziandikwi kwenye bajeti ya mtu yeyote, lakini ndizo zinazomrudisha nyumbani kabla ya siku alizopanga.

Kwa mkazi wa Lupembe, tarafa ya mashamba ya chai upande wa mashariki wa mji wa Njombe, nchi ya nje haiko mbali. Makambako, kiasi cha kilomita 60 kutoka mjini Njombe, ndipo barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na hapo pana stesheni ya TAZARA. Reli hiyo ya kilomita 1,860, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba kuanzia 1970 hadi 1975, inaishia Kapiri Mposhi nchini Zambia. Kutoka Kapiri Mposhi hadi Lusaka ni karibu kilomita 200, na kutoka Lusaka hadi Livingstone, kwenye Maporomoko ya Victoria, ni karibu kilomita 470 nyingine. Treni ya abiria imewahi kusimama na ratiba yake hubadilika, kwa hiyo taarifa ya kuaminika ni ile ya stesheni yenyewe. Mabasi ya kwenda Mbeya na Tunduma hayakosekani. Njia ya pili huchepukia Uyole, ikapita Tukuyu na kushuka Kyela hadi mpaka wa Kasumulu, na ng'ambo yake ni Karonga nchini Malawi.

Ugumu wa kufunga begi kwa safari hizi unatokana na miinuko. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake huwafanya watu walale na mablanketi mawili. Ufuko wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500, na mtu aliyeondoka nyumbani asubuhi amevaa koti hufika Karonga jioni akitafuta kivuli. Lusaka nayo iko zaidi ya mita 1,200, na usiku wa Juni baridi yake huhitaji sweta. Begi moja linapaswa kutosha hali zote hizo bila kubeba kabati zima.

Jibu ni nguo nyepesi zinazovaliwa moja juu ya nyingine. Fulana mbili au tatu, shati moja la mikono mirefu, suruali mbili, sweta moja la sufi na jaketi jepesi la kuzuia upepo na mvua humtosha mtu kwa wiki moja, na kwa kuwa nguo hufuliwa njiani, humtosha pia kwa wiki nne. Koti zito la nyumbani, lile la kuendea shambani alfajiri, halistahili kuingia begini. Likilowa halikauki kwa siku mbili, na likiwa kavu hula theluthi ya nafasi. Jinzi nazo ni nzito na hukauka taratibu. Suruali moja ya kitambaa chepesi ni bora kuliko jinzi mbili. Mavazi mazito kuliko yote huvaliwa mwilini siku ya kuondoka, na hiyo ni busara hasa kwa anayesubiri chombo Makambako usiku. Upepo wa mji huo ni mkali kiasi cha kuwavutia wawekezaji wa umeme wa upepo, na kwa abiria aliyekaa kwenye benchi na fulana moja hauna huruma.

Kitu kimoja ambacho wanawake wa Nyanda za Juu Kusini hawahitaji kufundishwa ni matumizi ya kitenge. Vipande viwili vya kitenge au khanga hufanya kazi ya taulo, shuka, pazia la dirisha la treni, mto, na vazi la heshima la kuingilia kanisani, msikitini au kwenye nyumba ya wenyeji. Wanaume wasafiri wangefaa kuiga. Kikoi kimoja kina uzito mdogo kuliko taulo la kawaida na hukauka kwa saa chache.

Viatu viwe jozi mbili tu: raba zilizokwisha kuzoea miguu, na ndala za kuogea na kupumzishia miguu jioni. Raba mpya zilizonunuliwa siku moja kabla ya safari ni chanzo cha malengelenge, na malengelenge humfanya mtu apande bajaji aliyokusudia kuiepuka. Buti za mpira, ambazo ni lazima kwenye tope jekundu la barabara ya Kibena hadi Lupembe wakati wa masika, ziachwe kwa ndugu mjini Njombe zimsubiri mwenyewe.

Begi lenyewe si lazima liwe jipya. Mabegi ya mgongoni yaliyotengenezwa kwa ajili ya wapanda milima wa Ulaya na Marekani hupatikana kwenye mitumba, mara nyingi yakiuzwa kwa bei ndogo kuliko begi jipya la dukani ambalo zipu yake hufa mwezi wa pili. Kinachotakiwa ni kulikagua kwa subira, muuzaji asiharakishe mtu. Zipu zote zifunguliwe na kufungwa mara kadhaa, pamoja na za mifuko midogo. Mikanda ya mabega ivutwe kwa nguvu pale iliposhonwa juu, kwa sababu hapo ndipo begi hukatikia. Uzi ukionekana kulegea, fundi cherehani anaweza kuimarisha kwa uzi wa viatu, lakini kitambaa kikiwa kimechanika bei hiyo si rahisi tena. Mkanda wa kiunoni uwepo na kifungio chake kishike, maana ndio unaohamisha uzito kutoka mabegani hadi nyonga. Kisha mkono uingie ndani na kupapasa: utando unaobanduka vipande vyeupe kama magamba ni dalili kwamba kinga ya maji imekufa, na harufu ya uvundo haitoki kirahisi hata kwa kuloweka. Ukubwa wa lita 35 hadi 40 unatosha. Begi kubwa zaidi lina hatari moja: nafasi iliyobaki wazi hujazwa.

Mvua haizuiliwi na begi, hata lile lililoandikwa kwamba halipenyi maji. Zamani kila mtu alitumia mifuko ya rambo, kila kundi la nguo na mfuko wake. Mazoea hayo yana matatizo sasa. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia Juni 1, 2019. Kenya ilikwisha kufanya hivyo Agosti 2017, na Rwanda ilitangulia tangu 2008. Anayesafiri Afrika Mashariki na rundo la rambo begini anaweza kujikuta akizimwaga mpakani. Badala yake, karatasi nzito ya nailoni inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi hukatwa na kutandazwa ndani ya begi kabla ya kupanga vitu, kisha midomo yake hukunjwa juu. Begi likiwekwa juu ya keria la Kosta kwenye mvua ya Njombe, vilivyo ndani hufika vikavu. Nailoni hiyo hiyo hufaa Livingstone, ambako miezi ya Machi hadi Mei Mto Zambezi unapojaa, maji yanayoanguka zaidi ya mita 100 hurusha manyunyu yanayomlowesha kila anayepita kwenye njia za watazamaji, simu na pasipoti vikiwemo.

Upande wa afya ndio unaopuuzwa zaidi, na kwa watu wa Njombe haufai kupuuzwa hata kidogo. Mkoa huu wa baridi ni miongoni mwa ile yenye malaria kidogo sana nchini; utafiti wa kitaifa wa 2017 ulikuta maambukizi chini ya asilimia 1. Faida hiyo ina upande wa pili. Mtu aliyekulia Lupembe hajajenga kinga ya mwili ambayo mtu wa Kyela au wa Kilombero anayo kwa kuumwa mara kwa mara, na akishuka kwenye ziwa au bonde la Zambezi malaria inaweza kumwangusha vibaya. Chandarua chenye dawa, kile cha kutundika kwa kamba moja, kiingie begini pamoja na kamba ya mita tatu, kwa sababu gesti za bei rahisi ama hazina chandarua ama kilichopo kina matundu. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, shati la mikono mirefu kwa ajili ya jioni, na ushauri wa zahanati kabla ya kuondoka vikamilishe. Homa inayoanza ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi ipimwe malaria mara moja, na mganga aambiwe mgonjwa alikuwa wapi, maana Njombe mganga anaweza asiifikirie kwanza.

Lipo pia jambo linalohusu nyumba nyingi za mkoa huu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulionyesha Njombe ikiongoza nchini kwa kiwango cha maambukizi ya virusi vya ukimwi, asilimia 12.7 ya watu wazima. Anayetumia dawa za kufubaza virusi ana haki ya kusafiri kama mwingine yeyote, na dawa zake ndizo kitu cha kwanza kufungwa. Kliniki huweza kumpa mtumiaji aliye imara dawa za miezi kadhaa. Ni vizuri safari itajwe mapema ili zitolewe za kutosha pamoja na ziada ya wiki mbili, kwa kuwa treni huchelewa na mabasi huharibika. Zikae kwenye mkoba wa mkononi katika makopo yake yenye maandishi, pamoja na kadi ya kliniki. Zikiwa kwenye begi kubwa ndani ya buti la basi na begi likapotea, hasara haihesabiki kwa shilingi.

Dawa nyingine ziwe chache: za maumivu, chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, plasta, na dawa ya vidonda. Zambia ina sheria kali kuhusu dawa za kulevya, na wasafiri wamewahi kukamatwa huko kwa kukutwa na dawa za kawaida za mafua na mzio zenye difenhidramini, kemikali iliyomo pia katika baadhi ya dawa za maji za kikohozi. Dawa yoyote ambayo si lazima iachwe, na iliyo ya lazima ibaki kwenye pakiti yake pamoja na cheti cha daktari. Vidonge vilivyochanganywa kwenye kichupa kimoja kisicho na jina humpa ofisa wa mpakani maswali ambayo msafiri hana majibu yake.

Hati ni nyepesi kuliko kila kitu begini na hugharimu kuliko vyote zikikosekana. Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa Tanzania mwaka 2018, ni ya shilingi 150,000 na hudumu miaka kumi. Uhamiaji hutoa pia hati ya dharura ya kusafiria kwa safari za nchi jirani, lakini anayetarajia kusafiri zaidi ya mara moja hufaidika zaidi na pasipoti. Mtanzania hahitaji viza kuingia Zambia wala Malawi kwa matembezi, na Afrika Kusini humruhusu hadi siku 90. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe ndani ya pasipoti; chanjo huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha yote. Nakala mbili za kurasa muhimu zikae mahali tofauti na hati halisi, na picha yake ihifadhiwe kwenye simu na kwenye barua pepe.

Fedha zigawanywe mafungu matatu. Za matumizi ya siku zikae mfukoni, akiba ikae kwenye kipochi kinachovaliwa ndani ya nguo, na fungu dogo la dharura lishonewe kwenye pindo la suruali au ndani ya mkanda wa begi. Shilingi hubadilishwa kwa urahisi Nakonde, upande wa pili wa Tunduma. Ukizidi kuingia ndani ya Zambia, wanaozitaka hupungua, na Livingstone karibu hakuna. Wabadilishaji wa barabarani wana kasi ya mikono inayomzidi mgeni, na noti za Zambia zenyewe zimebadilika: mwaka 2013 kwacha ilikatwa sifuri tatu, na 2025 zikatolewa noti mpya. Duka rasmi la kubadilishia fedha ni salama zaidi hata kama kiwango chake ni kidogo. Dola za akiba ziwe noti mpya, safi, zisizochanika wala kuandikwa kalamu. Salio la kwenye simu lihesabiwe kuwa limebaki nyumbani.

Kwa upande wa umeme, msafiri wa Zambia na Malawi ana nafuu, maana soketi za pini tatu za kwao zinafanana na za Tanzania. Afrika Kusini hutumia pini kubwa za mviringo, na kiunganishi chake hununuliwa hukohuko kwa urahisi. Kinachotakiwa ni pawa benki moja, chaja moja, na kitochi cha akiba ambacho betri yake hudumu siku nne. Saa za Zambia na Malawi ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja; simu isiyojirekebisha humfikisha mtu stendi saa nzima kabla ya basi, na wakati wa kurudi humchelewesha kwa kiasi hichohicho.

Chakula cha njiani hutaka uamuzi mgumu kwa watu waliozoea kusafiri na zawadi. Mayai ya kuchemsha na chapati hufaa siku ya kwanza, karanga na mbegu za maboga zilizokaangwa hufaa wiki nzima. Parachichi na viazi, fahari ya Njombe, ni vizito na havipendwi na maofisa wa kilimo mipakani. Nchi hulinda mashamba yake dhidi ya wadudu na magonjwa, na biashara ya mazao ina mivutano yake. Aprili 2025 Tanzania ilizuia kwa siku chache mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini katika mvutano wa aina hiyo. Ulanzi usifikiriwe kabisa. Pombe hiyo ya mianzi huendelea kuchacha ndani ya chupa, na kwenye joto la bondeni kifuniko hufyatuka na nguo zote zikanuka. Zawadi bora inatoka Lupembe yenyewe: pakiti za majani ya chai yaliyosindikwa, zilizofungwa kiwandani. Pakiti ya gramu 100 haina uzito wa kusikika, haiharibiki, na mwenyeji wa Lusaka au Mzuzu huipokea kwa furaha.

Kupanga vitu begini kuna utaratibu wake. Nguo za kulalia, chandarua na sweta hukaa chini kabisa. Vizito, kama vile chakula, chaja na kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa kwa safari hiyo, hukaa katikati, vikigusa upande wa mgongo. Vikiwekwa nje humvuta mtu nyuma, na vikiwekwa juu humyumbisha anapopanda ngazi za behewa. Nguo huviringishwa badala ya kukunjwa. Jaketi la mvua hukaa juu kabisa. Mkoba mdogo wa mbele hubeba pasipoti, dawa, fedha, simu, maji na kitenge kimoja, na hautoki mwilini. Sababu yake huonekana usiku: kwenye treni ya TAZARA maofisa wa uhamiaji huingia mabehewani, na abiria ambaye hati zake ziko chini ya kitanda cha chini, nyuma ya mizigo ya wenzake watano wa daraja la pili, huwaamsha watu wote. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019, kimepunguza kuzungushwa kwa wanaovuka kwa basi, lakini foleni bado ipo, na mwenye hati mkononi hupita haraka.

Baada ya kufungwa, begi lipimwe. Vituo vya kununulia majani mabichi ya chai vina mizani ya kuning'iniza, na hakuna mahali pazuri zaidi pa kupimia begi la safari Lupembe. Kilo nane ni kiwango cha haki kwa mtu mzima. Ikizidi kumi, kuna kitu cha kutoa, na mara nyingi ni suruali ya tatu, viatu vya sherehe au kitabu kinene. Wachuma chai, wanaobeba matenga mgongoni siku nzima kwenye miteremko, hawahitaji kuambiwa tofauti ya kilo nane na kumi na nne. Njia nzuri ya kuhakikisha ni kulivaa begi na kutembea nalo nusu saa kwenye mlima mmoja wa kijijini, siku mbili kabla ya safari, wakati bado kuna muda wa kufungua na kupunguza.

Anayeendelea kwa ndege, akianzia uwanja wa Songwe mkoani Mbeya au Dar es Salaam, ana masharti ya ziada. Mashirika mengi ya nauli ndogo huruhusu begi la ndani la kilo saba bila malipo na hutoza kila kinachozidi. Katika safari za kimataifa vimiminika vya mkononi haviruhusiwi kuzidi mililita 100 kwa chupa, vyote vikitosha ndani ya mfuko angavu wa lita moja. Pawa benki hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini. Hukaa na abiria, na kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, sawa na takriban mAh 27,000. Kisu, mkasi na kiberiti cha gesi cha jikoni viachwe nyumbani.

Wakati wa kurudi begi huwa zito kuliko lilivyoondoka. Vitenge vya Zambia na samaki wakavu wa ziwani huwavutia wengi, na Forodha ya Tunduma au Kasumulu hutofautisha matumizi ya nyumbani na bidhaa za biashara kwa kuangalia wingi na risiti. Vitenge viwili vya zawadi havina shida. Robota zima linahitaji kutangazwa na kulipiwa kabla ya kuvuka, na risiti zake zikae kwenye mkoba wa mbele pamoja na pasipoti.